Vifaa vya Kielektroniki vya Moduli Vinavyokarabatika: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa watu wenye mawazo ya vifaa vipya vya kielektroniki vya matumizi ya kila siku ambavyo vinaweza kufunguliwa, kubadilishwa vipande na kuendelea kutumika. Wengi wanaouliza maswali haya ni wabunifu chipukizi, mafundi na wanunuzi waliochoka kutupa vitu vizima kwa sababu ya kasoro ndogo. Majibu yote yanatokana na jambo moja ambalo nimelishuhudia kila ninapofungua kifaa kilichokufa: ni nadra kifaa kizima kufa. Hufa sehemu moja, na nyingine zote huzikwa nayo zikiwa hai.

Je, kifaa cha moduli ni kitu kimoja na kifaa kinachokarabatika?

Hapana, ingawa dhana hizi mbili zinakaribiana. Kifaa kinachokarabatika ni kile ambacho mtu mwenye bisibisi za kawaida na maelekezo anaweza kukifungua, akatoa sehemu iliyoharibika, akaweka nyingine na kukifunga tena kikiwa salama. Kifaa cha moduli kinakwenda mbele zaidi: sehemu zake kuu zimetenganishwa tangu kwenye mchoro, kila moja ina mpaka wake na kiunganishi chake, na mtengenezaji ameahidi kwamba mpaka huo hautabadilika, ili moduli itakayotengenezwa miaka mitatu ijayo iingie kwenye kifaa cha leo. Redio ya zamani yenye skrubu nne na bodi moja ya saketi inakarabatika lakini si ya moduli. Kwa upande mwingine, simu yaweza kujengwa kwa moduli na bado isikarabatike, ikiwa moduli hizo haziuzwi popote au programu ya simu inazikataa.

Kwa nini jambo hili lina uzito sasa kuliko zamani?

Kwa sababu ya wingi wa taka na kwa sababu ya gundi. Ripoti ya Umoja wa Mataifa kuhusu taka za kielektroniki iliyotolewa mwaka 2024 ilieleza kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizo, na kwamba ni asilimia 22.3 tu zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu rasmi. Wakati huohuo, vifaa vingi ambavyo zamani vilifungwa kwa skrubu vimekuja kufungwa kwa gundi, na betri ambazo zamani zilitolewa kwa ukucha sasa zimegandishwa ndani ya ganda la kifaa.

Kama wazo la moduli ni zuri, mbona simu za moduli zilishindwa?

Swali hili ni la haki, na jibu lake lina mafunzo mengi kuliko mafanikio yoyote. Mwaka 2013 mbunifu wa Kiholanzi Dave Hakkens alionyesha wazo aliloliita Phonebloks, simu iliyogawanyika kuwa vibonge vya kuchomeka kwenye ubao mmoja. Mwaka huohuo Motorola, iliyokuwa mali ya Google, ilitangaza mradi wa Ara wenye lengo linalofanana. Ara ulisitishwa Septemba 2016. Mwaka huo pia LG ilitoa simu ya G5 ambayo sehemu yake ya chini ilichomoka ili mtu aweke kishikio cha kamera au moduli ya sauti, na toleo lililofuata liliachana kabisa na mpango huo.

Ukiangalia Ara kwa makini utaona kosa lilipokuwa. Katika toleo lililoonyeshwa kwa watayarishaji wa programu mwezi Mei 2016, kichakataji, kioo, antena na betri vilikuwa vimeshaunganishwa moja kwa moja kwenye fremu, na vilivyobaki kuwa vya kubadilisha ni vitu kama kamera na spika. Maana yake ni kwamba sehemu zinazokufa mapema, yaani betri na kioo, zilifungwa ndani, na zile ambazo mtu angeweza kuishi nazo miaka mingi ndizo zilizopewa uhuru. Simu hizo ziligawanywa kwa kufuata matamanio ya mtumiaji, na mgawanyo wa namna hiyo hudai gharama kubwa: kila moduli inahitaji ganda lake, kiunganishi chake na nafasi yake, ilhali ndani ya simu kila milimita inagombewa.

Basi kifaa kigawanywe kwa kanuni gani?

Kigawanywe kwa umri wa sehemu zake. Kila sehemu ya kifaa huzeeka kwa mwendo wake, na mahali pazuri pa kuweka kiunganishi ni pale ambapo sehemu inayozeeka haraka inakutana na ile inayozeeka polepole. Naamini hii ndiyo kanuni inayotenganisha wazo linaloweza kuwa bidhaa na wazo linalopendeza kwenye mchoro tu.

Betri ya lithiamu hupoteza sehemu ya uwezo wake kila inapochajiwa, na baada ya mizunguko mia kadhaa mtumiaji huanza kulalamika. Joto na kukaa muda mrefu ikiwa imejaa kabisa huharakisha uchakavu huo. Tundu la chaji huvutwa, hupindwa na kujaa vumbi kila siku. Kapasita za maji, zile za umbo la pipa dogo kwenye bodi ya umeme, hufuata kanuni ambayo mafundi wanaijua vizuri: kila joto likipanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, umri wake hupungua takribani kwa nusu. Sponji za hedifoni huliwa na jasho. Kisha kuna programu, ambayo huzeeka bila hata kuguswa, kwa sababu ulimwengu unaoizunguka unabadilika nayo imesimama. Kwa upande wa pili kuna ganda la alumini, spika iliyotengenezwa vizuri, vitufe, transfoma na kioo ambacho hakijaangushwa, na vyote hivyo vinaweza kudumu miaka mingi sana.

Ukishaandika orodha hiyo kwa kifaa unachokifikiria, utagundua kwamba viunganishi vinavyohitajika ni vichache. Mara nyingi viwili au vitatu vinatosha. Huhitaji kugawa kila kitu.

Kuna mfano wowote wa kuaminika wa kanuni hii sokoni?

Ipo mifano, na napenda kuitaja mitatu kwa sababu kila mmoja una sababu yake ya kufaulu.

Fairphone, kampuni ya Amsterdam, imetengeneza simu ambazo betri hutolewa kwa mkono na vioo, kamera na matundu ya chaji hubadilishwa kwa bisibisi moja. Simu zake kadhaa zimepewa alama 10 kati ya 10 na iFixit, kampuni ya Marekani inayofungua vifaa na kupima urahisi wa kuvikarabati. Simu hizo hazimwaliki mtu kuongeza madoido. Zimejengwa ili kinachokufa kitoke, basi.

Framework ilitoa kompyuta mpakato yake ya kwanza mwaka 2021. Bodi kuu zilizotoka miaka iliyofuata, zenye vichakataji vipya, ziliingia kwenye ganda lilelile la mwanzo, na bodi iliyotolewa inaweza kuendelea kufanya kazi peke yake nje ya ganda kama kompyuta ndogo. Jambo dogo linalonifurahisha zaidi ni lile la ndani: kila sehemu imebandikwa msimbo wa kuskani unaompeleka mtu moja kwa moja kwenye maelezo ya namna ya kuibadilisha.

Mfano wa tatu haujulikani sana nje ya muziki. Katikati ya miaka ya 1990 Mjerumani Dieter Doepfer alianzisha mfumo wa Eurorack wa sinthesaiza za moduli (ala za kielektroniki za kutengeneza sauti), wenye urefu wa paneli wa milimita 128.5, kipimo cha upana cha milimita 5.08 na matundu ya sauti ya milimita 3.5. Watengenezaji wengi, wakiwemo watu wanaofanya kazi peke yao mezani, wametengeneza moduli zinazoingia kwenye mfumo huo, na moduli za miaka ya mwanzo bado zinatumika pamoja na za leo. Nguvu yake iko kwenye udogo wa kanuni zenyewe. Mtu anazisoma kwa kikao kimoja na kuanza kazi. Kiwango chenye kurasa mia nne hakina bahati hiyo.

Ni bidhaa gani mpya zingefaa kubuniwa sasa?

Yapo mawazo mengi, lakini nitakaa kwenye yale ambayo tofauti ya umri kati ya sehemu ni kubwa kiasi kwamba mtu yeyote anaiona.

La kwanza ni visikilizio vidogo visivyo na waya. Nimewahi kufungua kimoja kilichokuwa kikizimika kabla ya mazungumzo ya simu kwisha. Ganda lilikuwa limegandishwa kuzunguka ukingo wote, na wembe ulipopenya nilikuta betri ya umbo la kifungo, ndogo kuliko ncha ya kidole, imelehemiwa kwa vipande viwili vya nikeli juu ya saketi iliyokunjwa kama karatasi. Spika ilikuwa inapiga vizuri, na maikrofoni ilikuwa inanasa hata mkwaruzo wa ukucha. Kilichokuwa kimekufa ni kile kifungo tu, lakini ganda lilikuwa tayari limepasuka nilipofika kwake. Fairphone ilionyesha mwaka 2024 kwamba visikilizio vyenye betri za kubadilisha vinawezekana. Kinachokosekana ni kiwango cha pamoja: chumba cha betri chenye kipimo kimoja na mfuniko wa kuzungusha wenye pete ya mpira, ambacho kampuni yoyote inaweza kukiweka kwenye kisikilizio chake, kama vile saa za mkono za chapa mbalimbali zinavyotumia betri zilezile.

La pili ni pedi ya kuchezea michezo ya video. Jostiki nyingi, yaani vile vijiti vya kuelekezea, hupima mkao wa kidole kwa brashi ndogo ya chuma inayosugua njia ya kaboni. Ukiitoa sehemu hiyo na kuitazama kwa kioo cha kukuzia utaona mstari unaong'aa katikati ya weusi, mahali ambapo kidole kilipumzika maelfu ya mara, na hapo ndipo mhusika kwenye mchezo anapoanza kutembea mwenyewe bila kuguswa. Kuibadilisha jostiki hiyo kunadai kulehemua miguu zaidi ya kumi bila kuunguza bodi. Sony, kwa pedi yake ya DualSense Edge ya mwaka 2023, iliweka jostiki kwenye moduli inayochomoka, lakini moduli hiyo ni ya pedi hiyo tu. Wazo ninaloliona kuwa na nafasi kubwa ni jostiki ya moduli yenye kipimo kilichochapishwa hadharani, iliyo na vihisi vya sumaku visivyosuguana, ambayo inaweza kuingia kwenye pedi za michezo, rimoti za droni na vidhibiti vya viti vya magurudumu vya umeme. Matumizi haya ya mwisho ndiyo yanayonigusa zaidi, kwa kuwa mtu anayesubiri jostiki ya kiti chake haisubirii starehe.

La tatu ni runinga. Kioo cha runinga kinaweza kuonyesha picha nzuri kwa muda mrefu baada ya programu yake kuacha kupokea huduma mpya za video. Samsung iliwahi, kuanzia mwaka 2013, kuuza kisanduku cha kuchomeka nyuma ya baadhi ya runinga zake ili kuzipa kichakataji kipya, na tangu mwaka 2010 Intel ilikuwa na kiwango cha kompyuta za kuchomeka kwenye vioo vya matangazo na vya madarasani. Runinga ya nyumbani ingefaidika na mpango huohuo: kioo kisicho na akili yoyote, nafasi moja nyuma ya kuchomeka akili hiyo, na bodi ya umeme yenye mlango wake. Ningeongeza jambo moja ambalo mafundi wataliunga mkono. Katika runinga nyingi, taa za nyuma ya kioo zimepangwa kwa msururu, hivyo taa moja ikikatika ufito mzima huzima, na ili kuufikia ni lazima kioo chenyewe kinyanyuliwe, kazi ambayo imevunja vioo vingi vizima. Runinga ambayo mwanga wake unaingia kutoka ukingoni ingeweza kuwa na ufito wa taa unaovutwa kutoka ubavuni kama droo.

La nne linahusu vitu vidogo vyote vinavyotumia betri ya kuchaji: spika ya kubebeka, tochi, feni ya mezani, redio, pawabenki. Ndani ya vingi kati ya hivyo mna betri za silinda za vipimo vinavyofahamika duniani kote, 18650 yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, au 21700 yenye milimita 21 kwa 70. Betri ni zilezile, lakini kila kampuni huzifunga kwa namna yake. Katika zana za umeme tayari kuna muungano ulioanzishwa mwaka 2018, ukiongozwa na Metabo, ambao watengenezaji wake wanatumia betri moja ya volti 18. Kasha dogo la aina hiyo, lenye betri moja au mbili na saketi ya ulinzi ndani yake, lingeweza kuhama kutoka kwenye spika kwenda kwenye tochi na kurudi.

La tano ni taa za dari zenye LED zilizojengewa ndani. LED zenyewe mara nyingi bado ni nzima. Kinachokufa ni bodi inayozilisha umeme, ambayo imewekwa hapohapo kwenye joto lake. Muungano wa Zhaga, ulioanzishwa mwaka 2010, umeweka vipimo vya kubadilishana moduli za LED na bodi hizo, na vinatumika zaidi kwenye taa za barabarani na za majengo makubwa. Kuvileta kwenye taa ya chumba cha kulala ni kazi ambayo mbunifu mdogo anaweza kuifanya.

Na rauta, saa janja, miswaki ya umeme?

Rauta inahitaji mambo mawili tu: adapta yenye kichwa cha kawaida na programu ambayo jamii inaweza kuiendeleza mtengenezaji anapoiacha, kama mradi wa OpenWrt ulivyofanya kwa aina nyingi za rauta tangu mwaka 2004. Mswaki wa umeme ni aibu ya sekta hii, kwa kuwa ni mota, betri na kitufe, na bado aina nyingi hazifunguki bila kuvunjwa. Saa janja ni ngumu kweli kutokana na udogo na maji, na nisingemshauri mtu aanze nayo.

Kiunganishi kizuri kina sifa gani?

Hapa ndipo bidhaa nyingi hushinda au kushindwa, kwa hiyo niruhusuni nikae kidogo. Kwanza, jiulize kiunganishi kitachomekwa mara ngapi. Tundu la USB-C hutengenezwa kustahimili kuchomekwa mara 10,000, ilhali viunganishi vidogo vya utepe ndani ya simu vimekusudiwa kufunguliwa mara chache tu, pengine makumi. Vyote viwili ni sahihi mahali pake. Kosa ni kuweka cha ndani mahali panapoguswa kila wiki, au kujaza vya nje mahali patakapofunguliwa mara mbili katika maisha ya kifaa na kupoteza nafasi bure.

Pili, tundu linalovutwa kila siku lisilehemiwe kwenye bodi kuu. Liwekwe kwenye bodi yake ndogo iliyounganishwa kwa utepe na kushikwa kwa skrubu kwenye ganda, ili mtu akijikwaa kwenye waya wa chaji, nguvu ya mvuto iishie kwenye ganda, na ikishindikana kinachovunjika kiwe ni ile bodi ndogo.

Tatu, moduli isiweze kuingia vibaya. Umbo lenyewe lizuie kosa. Betri inayoweza kugeuzwa nyuma mbele itageuzwa siku moja na mtu mwenye haraka.

Nne ni skrubu. Ziwe za aina moja, na zaidi ya yote ziwe za urefu mmoja. Fundi yeyote amewahi kuona, au amewahi kufanya mwenyewe, ajali ya skrubu ndefu kuingizwa kwenye tundu la fupi ikatoboa bodi. Tofauti ya milimita moja inaua kifaa kizima, na inaepukika siku ya kuchora. Skrubu zinazobaki zimeshikwa kwenye mfuniko hata zikilegezwa ni bora zaidi, maana hazipotei chini ya meza.

Je, kifaa kinachofunguka kinaweza kuzuia maji?

Ndiyo. Simu ya Samsung ya Galaxy XCover6 Pro ya mwaka 2022 ina betri ya kutoa kwa mkono na bado ina kiwango cha IP68, yaani haipitishi vumbi na hustahimili kuzamishwa majini. Kinachotakiwa ni pete ya mpira iliyobanwa sawasawa, na pete hiyo iuzwe kama kipuri, kwa kuwa nayo huzeeka.

Gundi ni adui wakati wote?

Si wakati wote. Kuna gundi za utepe ambazo ukizivuta polepole hunyooka na kuachia betri bila joto, na Apple kwenye iPhone 16 ya mwaka 2024 ilitumia gundi inayoachia ikipitishiwa umeme mdogo wa moja kwa moja. Swali la kumwuliza mbunifu ni jepesi: umeweka njia gani ya kutokea? Gundi isiyo na njia ya kutokea haifai kushika kitu chochote kinachochakaa.

Programu inahusikaje na ukarabati?

Inahusika kwa njia mbili. Ya kwanza ni masasisho: kifaa ambacho sehemu zake zote ni nzima kinaweza kusitishwa kwa kunyimwa masasisho ya usalama. Fairphone iliahidi kuihudumia simu yake ya mwaka 2023 hadi mwaka 2031, na ahadi ya namna hiyo ni sehemu ya ubunifu sawa na skrubu. Ya pili ni kufungamanisha vipuri na kifaa kwa namba za siri, ili kioo au betri iliyotolewa kwenye kifaa kingine cha aina ileile ikataliwe, au ikubaliwe nusunusu huku onyo likijitokeza kila mara. Watetezi wa mtindo huu husema unazuia wizi. Hoja hiyo ina uzito, lakini inaweza kutimizwa kwa kuzuia vipuri vilivyoripotiwa kuibwa, pasipo kumzuia kila mwenye mali halali. Jimbo la Oregon nchini Marekani lilipitisha mwaka 2024 sheria inayokataza kufungamanisha vipuri kwa lengo la kuzuia ukarabati, kwa vifaa vinavyotengenezwa kuanzia mwaka 2025.

Sheria nyingine zipi mbunifu anapaswa kuzijua?

Za Umoja wa Ulaya kwanza, kwa sababu mtengenezaji anayeuza huko mara nyingi hutengeneza kifaa kimoja kwa dunia nzima. Kanuni ya betri ya mwaka 2023 inataka betri za vifaa vya kubebeka ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe kuanzia tarehe 18 Februari 2027, pamoja na misamaha michache, ukiwemo wa baadhi ya vifaa vinavyotumika kwenye maji, ambavyo betri zake zinaweza kuachiwa fundi. Kwa simu na tableti, kanuni zilizoanza kutumika tarehe 20 Juni 2025 zinadai vipuri muhimu viendelee kupatikana kwa miaka 7 baada ya toleo kuacha kuingizwa sokoni, masasisho ya mfumo kwa angalau miaka 5, na betri inayobaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 800. Ufaransa nayo, tangu Januari 2021, inataka baadhi ya vifaa viuzwe vikiwa vimebandikwa alama ya urahisi wa kukarabatika, kati ya 0 na 10, ambayo mnunuzi anaiona kabla ya kulipa.

Mtengenezaji atapata faida kutoka wapi ikiwa watu hawanunui kifaa kipya?

Atauza moduli, atauza maboresho, na atanunua tena moduli kuukuu ili azirekebishe na kuziuza kama vipuri vya daraja la pili. Lakini nisiifiche sehemu ngumu: kuweka akiba ya vipuri kwa miaka 7 au 10 ni mtaji uliolala kwenye rafu, na kampuni changa inaweza kuzama kwa mzigo huo. Njia ninayoiona kuwa ya uaminifu na ya busara ni kuchapisha michoro ya moduli tangu mwanzo chini ya leseni ya wazi, ili kampuni ikizidiwa au ikifungwa, mtu mwingine aendelee kutengeneza vipuri. Mteja anayejua hivyo ananunua akiwa na moyo mtulivu.

Nina wazo lakini sina kiwanda. Nianzie wapi?

Anza na kifaa kilichopo ambacho watu tayari wanakitupa. Kusanya kumi vilivyokufa vya aina moja, vifungue vyote, na uandike sehemu gani imekufa katika kila kimoja. Kazi hiyo ya siku mbili itakufundisha kuliko utafiti wowote wa soko. Kisha buni moduli moja tu inayoziba pengo hilo: bodi ndogo ya tundu la chaji, kasha la betri, jostiki. Mchoro wa bodi unaweza kuuandaa kwa KiCad, programu ya bure, na ganda ukalichapa kwa printa ya 3D kabla ya kufikiria kalibu ya kumiminia plastiki.

Utakapokuwa na sampuli, mpe mtu ambaye hajawahi kufungua kifaa chochote, pamoja na bisibisi moja na karatasi ya maelekezo, kisha nyamaza. Usimsaidie. Mahali anaposita ndipo mchoro wako una kasoro, na mara nyingi kasoro yenyewe ni ndogo: utepe uliopita mahali anapotaka kushika, au klipu isiyoonyesha inasukumwa upande gani.

Je, ni salama kumwachia mtumiaji wa kawaida abadilishe betri ya lithiamu?

Ni salama ikiwa anachogusa ni kasha gumu lenye saketi ya ulinzi ndani na ncha za umeme zilizozama, zisizoweza kugusana na funguo mfukoni. Si salama kumpa betri ya mfuko laini isiyo na kasha na kumwambia aibandue kwa kisu. Betri iliyovimba isibonyezwe, isitobolewe wala isichajiwe tena.

Moduli nilizozitoa nizifanye nini?

Jaribu kwanza kujua kama moduli yenyewe inaweza kupata kazi nyingine: bodi kuu ya kompyuta mpakato inaweza kuwa hifadhi ya mafaili ya familia, na kamera ya simu kuukuu inaweza kulinda mlango. Kabla ya kuitoa kwa mtu mwingine, futa kumbukumbu iliyomo. Betri usiitupe pamoja na taka za kawaida. Ziba ncha zake kwa utepe wa plastiki, iweke kwenye chombo kisichoshika moto, mbali na jua, na uipeleke kwa wanaokusanya betri.